Fujo Yenye Kanuni

Wewe uliyekuwa unatafuta stesheni ya muziki ukaniangukia mimi, usihame kwanza. Muziki utakuja. Nipe nafasi kidogo tuzungumze.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, na ninasoma hali ya hewa. Mchana nashinda na hesabu za upepo, joto na mgandamizo wa hewa. Usiku narudi hosteli, ambako naishi chumba kimoja na mwenzangu anayesoma Kiswahili, na vitabu vyake vimevuka mpaka, vimefika hadi kitandani kwangu. Kuvirudisha kila siku kulinichosha, basi nikaanza kuvisoma. Ndiyo sababu leo nimekuja na mada ambayo wahadhiri wangu hawajaniuliza, na wala haitatoka kwenye mtihani.

Mada yenyewe ni utaratibu na fujo, katika fasihi na katika sayansi. Nina hoja moja tu, na kwa kuwa redio haina ukurasa wa kurudi nyuma, nitairudia mara kadhaa. Hoja ni hii: fujo inaweza kuzaliwa na kanuni. Nasema kanuni iliyofuatwa barabara, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuvunjwa hata mara moja.

Huenda umeguna: huyu kijana mitihani imemchanganya. Subiri kidogo.

Tuanze na mwaka mmoja, 1975. Mwaka huo Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu kutoka kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya aliyoiita Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, huko Marekani, wanahisabati wawili, Tien-Yien Li na James Yorke, walichapisha makala fupi ambayo nayo ilibeba fujo katika kichwa chake. Kutokana na makala ile, tawi zima la hisabati likapata jina, likaitwa hisabati ya fujo. Mwandishi mmoja Tanzania, wanahisabati wawili Marekani, mwaka mmoja. Ni sadfa, wala sitaki kuifanya iwe kubwa kuliko ilivyo. Lakini nilipoigundua nilivuta kiti, nikakaa vizuri.

Kwa nini? Kwa sababu niliisoma ile riwaya mara mbili, na kila mara nikasoma kitabu tofauti. Mara ya kwanza niliisoma haraka, nikaona kijana anayumbishwa na dunia. Tumaini anarithi mali ya baba yake, anaitapanya kwa starehe, anaoa, anatulia, anatajirika kwa kilimo. Halafu siasa ya Ujamaa inafika hadi kwenye mashamba yake. Mwisho anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kufa. Nikasema, kweli, dunia uwanja wa fujo.

Mara ya pili nilisoma polepole, na kila sura nikajiuliza: hapa, kwa mtu kama huyu, pangetokea nini kingine? Kila nilipouliza, jibu lilikuwa dogo. Kijana aliyepata mali kabla ya kupata akili ya kuitunza, atafanya nini? Mtu aliyepoteza kila kitu mara moja, akakipata tena kwa jasho, akiambiwa akitoe, atafanya nini? Hatua moja inaita nyingine, na kila hatua inaeleweka. Ila ukiwa mwanzoni mwa kitabu, huwezi kabisa kuota kwamba kinaelekea kwenye kitanzi.

Shika hilo, msikilizaji. Kila hatua inaeleweka, lakini mwisho hautabiriki. Sasa twende nalo kwenye sayansi.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba ukizijua kanuni za dunia, umeijua na kesho yake. Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliliandika wazo hilo mwaka 1814. Alisema, kwa maneno yangu mimi: tuwazie akili moja kubwa mno, inayojua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote zinazozisukuma. Kwa akili hiyo hakutakuwa na kitu cha kushangaza. Yaliyopita na yajayo yote yatakuwa mbele ya macho yake kama yaliyopo leo. Ni wazo zuri, tena linatuliza moyo. Na kwa kupatwa kwa jua na kwa mwezi, kweli linafanya kazi. Wataalamu hutuambia kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, wakitaja saa na dakika, na hawakosei.

Nyufa zilianza kuonekana kwa bahati tu. Mfalme Oscar wa Pili wa Sweden alikuwa anatimiza miaka 60, Januari 1889, na katika kuisherehekea siku hiyo yakaandaliwa mashindano ya hisabati. Moja ya maswali liligusa jambo hili: je, jua na sayari zake zitaendelea hivi milele, au siku moja zitatawanyika? Mfaransa mwingine, Henri Poincaré, alilishughulikia kwa kuanza na miili mitatu tu inayovutana, akashinda. Kazi yake ikiwa imeshapigwa chapa, likagundulika kosa. Nakala zikakusanywa. Poincaré akalipia uchapaji mpya kutoka mfukoni mwake, na gharama ikazidi zawadi aliyopewa na mfalme. Mimi hapo ningelala wiki nzima. Yeye alikaa akarekebisha, na katika kurekebisha ndipo alipoona jambo ambalo hakuna aliyeliona kabla yake: hata miili mitatu tu, yenye kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi, inaweza kwenda mwendo uliojikunja na kujisokota mpaka hautabiriki tena.

Miili mitatu tu, msikilizaji, na kanuni ni moja.

Sasa naingia nyumbani kwangu, yaani kwenye hali ya hewa. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Edward Lorenz alikuwa na kompyuta kubwa kama meza ya ofisi, yenye kelele, na uwezo wake hauifikii hata simu ya bei rahisi kabisa iliyoko mfukoni mwako. Ndani yake aliweka hali ya hewa ya kubuni: milinganyo kumi na miwili, inayozungukana, ikitoa siku baada ya siku za upepo usiokuwapo popote. Waliomwandikia programu za mashine hiyo ni wanawake wawili, Margaret Hamilton na baada yake Ellen Fetter. Hamilton ndiye baadaye aliyeongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Lorenz aliwashukuru katika maandishi yake. Kwenye vitabu vyetu vya kiada wamesahauliwa, ndiyo maana nawataja.

Siku moja Lorenz alitaka kuyaona tena matokeo fulani, ayafuatilie kwa muda mrefu zaidi. Badala ya kuanzisha hesabu upya tangu mwanzo, alichukua namba za katikati kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, akaziingiza kwa mkono, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, mashine ilikuwa imepiga hesabu ya miezi miwili hivi ya hali ya hewa. Akailinganisha karatasi mpya na ya zamani. Mwanzoni zilifanana. Kisha zikaachana kidogo. Kisha zaidi. Mwishowe hazikuwa na uhusiano wowote, kama vile ni nchi mbili tofauti.

Akashuku kwamba mashine imeharibika. Haikuwa mashine. Ndani yake namba zilitunzwa kwa tarakimu sita baada ya nukta. Mojawapo ilikuwa 0.506127. Karatasi, ili kuokoa nafasi, ilichapa tatu tu: 0.506. Lorenz aliingiza hiyo fupi. Tofauti ndogo kuliko pumzi. Na hiyo ndogo, kwa kanuni zilezile zisizo na kosa, ikakua na kukua mpaka ikaimeza hali ya hewa yote.

Hutaki kuniamini? Sawa, usiniamini. Chukua simu, fungua kikokotoo, au mwombe mjukuu akufungulie. Andika namba iliyo kati ya sifuri na moja, tuseme 0.2. Jiulize: imebaki ngapi kufika moja? Imebaki 0.8. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 4. Unapata 0.64. Hiyo ndiyo namba yako mpya, nayo ifanyie vilevile: imebaki ngapi kufika moja, zidisha, kisha mara nne. Inakuja 0.92. Endelea hivyo hivyo. Mara ya saba utaangukia 0.11.

Sasa anza upya, lakini safari hii anza na 0.21. Umeongeza kidogo tu. Jibu la kwanza ni 0.66, jirani kabisa wa 0.64. La pili ni 0.89, bado linakaa mtaa mmoja na 0.92. Unasema moyoni, huyu kijana ametudanganya. Endelea. Mara ya saba namba hii iko 0.90, wakati mwenzake aliishia 0.11. Mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, na hakuna mahali popote ulipokosea. Kanuni ni ile ile, ya mstari mmoja, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Hesabu za jinsi hii ndizo Robert May, mwanasayansi mzaliwa wa Australia, alizoziandikia makala katika jarida la Nature mwaka 1976. Yeye alizitumia kufikiria idadi ya wanyama au wadudu kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Alihimiza pia wanafunzi wafundishwe mapema, ili wajue kwamba kanuni rahisi haileti maisha rahisi. Nilipofika hapo nilisikitika kidogo. Sekondari nilifundishwa tu zile hesabu zinazotulia.

Basi, turudi kwa Lorenz, kwa sababu umaarufu wake umekuja na kipepeo, na kipepeo huyo amepotosha wengi. Mwaka 1972 Lorenz alialikwa kutoa mhadhara Washington. Alichelewa kutoa kichwa cha mada, basi mratibu wa kikao, Philip Merilees, akamtungia. Akauliza: je, kipepeo akipiga mabawa Brazili, anaweza kuzusha tufani Texas? Swali likapendwa mno, likaenea dunia nzima, filamu zikatengenezwa. Na miaka ishirini kabla ya hapo, mwaka 1952, mwandishi Ray Bradbury alikuwa ameshaandika hadithi fupi ya mtu aliyesafiri kurudi zama za kale, akamkanyaga kipepeo mmoja, na aliporudi akakuta hata matokeo ya uchaguzi wa nchi yake yamebadilika.

Tamu, hadithi hiyo. Lakini angalia inachofanya. Inatupa chanzo kimoja. Kipepeo yule, mguu ule, uchaguzi ule. Hadithi zinapenda hivyo, na sisi tunapenda hadithi. Nenda kwenye msiba wowote, kaa chini ya turubai na wanaume wanaonong'ona, au ingia ndani kwa akina mama. Utawasikia. Laiti asingerudi ndani kuchukua simu. Laiti angepanda basi la kwanza. Laiti shemeji asingempigia. Kila mtu ana kipepeo wake, na kila mmoja ana hakika kwamba wake ndiye.

Lorenz mwenyewe, katika mhadhara ule, alisema kitu ambacho watu wengi hawakukibeba. Alisema: kama mabawa ya kipepeo mmoja yanaweza kuzusha tufani, basi na mabawa yake ya jana na ya kesho pia, na ya vipepeo wengine wote, na shughuli za viumbe wengine wengi, pamoja na sisi binadamu. Na kama yanaweza kuizusha, yanaweza vilevile kuizuia. Umeona? Sababu zipo. Hazikukosekana. Ila ni nyingi mno, na zimeshikana, huwezi kuitoa moja ukainyooshea kidole ukasema ni wewe. Hapo ndipo mwanasayansi na msimulizi wa kawaida wanapoachana njia. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, Kezilahabi anapomzidi Bradbury: hakuniachia kipepeo. Nikikuuliza ni nani aliyemponza Tumaini, ni urithi, ni tabia, au ni siasa? Utashindwa kuchagua. Mwenzangu wa chumbani huwa anachagua siasa. Tumeshabishana mpaka mlinzi akatugongea mlango.

Nairudia hoja, kwa waliojiunga sasa hivi. Fujo inaweza kuzaliwa na kanuni. Kanuni ikiwapo, haina maana kwamba kesho inajulikana. Na kesho isipojulikana, haina maana kwamba kanuni haipo.

Lakini je, ina maana kwamba hatujui chochote? Hapana. Hapa pwani yetu, kabla ya kompyuta, manahodha walijua kwamba Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama mwezi wa Machi, na Kusi inashika baada ya hapo. Biashara ya majahazi kutoka Arabuni na kurudi ilisimama juu ya ujuzi huo kwa karne nyingi. Hakuna nahodha aliyejua kama Jumanne ijayo upepo utakuwa mkali au mpole. Lakini Kaskazi haikuja mwezi wa Julai. Ile fujo ina kuta zake. Lorenz aliziona kuta hizo kwenye hesabu ya milinganyo mitatu aliyoichapisha mwaka 1963: ukiichora, mstari wake unazunguka upande huu, unarukia upande ule, haupiti kamwe pale pale ulipopita, lakini pia hautoki nje ya umbo lake. Na umbo lenyewe, kwa kejeli ya mambo, linafanana na mabawa ya kipepeo.

Ndiyo maana sisi wa hali ya hewa tunaweza kuzungumza na wewe juu ya masika yote kwa wastani wake, na juu ya kesho kwa uhakika mzuri, lakini ukituuliza juu ya harusi ya binti yako wiki tatu zijazo, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, tutakutazama tu. Kama wiki mbili hivi, hapo ndipo utabiri wa siku kwa siku unapofika ukingoni. Tangu miaka ya 1990 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani haviendeshi hesabu moja tu. Vinaendesha nyingi kwa pamoja, kila moja ikianza na tofauti ndogo, kisha vinaangalia zinaelekea wapi. Zikikaa pamoja, mtabiri anasema kwa sauti ya juu. Zikitawanyika, anashusha sauti.

Mnakumbuka kimbunga Jobo, Aprili 2021? Tuliambiwa kinaelekea pwani yetu, watu wakajiandaa, wavuvi wakavuta vyombo nchi kavu. Kikadhoofika kabla ya kufika. Wapo waliocheka, wakasema watabiri wamekosa la kufanya. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kikaja Hidaya. Nacho kilidhoofika, lakini kikafika Mafia, na mvua yake ikakata barabara ya kusini pale Somanga, Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam. Bahari ile ile, kanuni zile zile. Aliyecheka 2021 alikuwa anadai ahadi, na mtabiri mwaminifu hana ahadi ya kutoa.

Haya, sasa tuhamie kwenye ushairi. Nimeuacha mwisho kwa sababu ndio unaogombanisha watu zaidi.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi. Sheria, ndivyo alivyoziita. Vina viwiane, mizani ilingane. Chukua mshororo huu, nimeutunga nikija hapa studio: Redio nakusikiza, usiku umeingia. Hesabu kwa vidole. Re-di-o-na-ku-si-ki-za: nane. U-si-ku-u-me-i-ngi-a: nane. Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, nane; utao, kipande cha pili, nane; jumla kumi na sita. Najua ni mshororo wa mwanafunzi wa hali ya hewa, msinicheke. Ila sheria imetimia.

Je, sheria kali namna hiyo inamfunga mshairi? Mtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa waraka alioandika akiuliza Kenya inakwenda wapi, akakaa gerezani hadi 1972. Humo ndani akatunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mtu amenyang'anywa kila utaratibu wa maisha yake, jua na giza vinatawaliwa na askari, naye anakaa kuhesabu mizani. Angeweza kuandika ovyo, nani angemlaumu? Akachagua vina. Na ndani ya ile mizani inayojulikana tangu mababu, yakatoka maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kanuni inayojulikana na wote, matokeo yasiyotabirika na yeyote. Ni hoja ile ile.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1974 Kezilahabi yule yule alitoa Kichomi, miongoni mwa diwani za mwanzo za mashairi huru, yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabu. Moto ukawaka. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakasema hayo si mashairi, ni guni. Guni, kwa wasiolijua, ndilo jina la shairi lililopungukiwa na sheria, na kwa mshairi wa zamani ni tusi. Wanamabadiliko nao, watetezi wa mashairi huru, wakiwamo washairi Mulokozi na Kahigi, wakajibu. Ugomvi ukadumu miaka mingi, na ukiingia kwenye baadhi ya madarasa ya Kiswahili hadi leo unaweza kuuamsha kwa sentensi moja. Mimi nimejaribu. Unaamka.

Mimi naona pande zote mbili ziligombania swali lisilo lenyewe. Waliuliza: sheria zimefuatwa au zimevunjwa? Mtu wa hali ya hewa angeuliza: kuna kanuni hapa, hata kama siioni kwa mara ya kwanza? Soma Kichomi kwa sauti. Utasikia pumzi inakatwa mahali fulani kwa makusudi, picha inaachwa, inarudi beti mbili mbele ikiwa na maana nyingine. Mstari mfupi unakuja pale tu moyo unapokwama. Ukijaribu kuhamisha mstari mmoja, shairi linalia. Kanuni ipo, ila haihesabiki kwa vidole.

Baadaye alikwenda mbali zaidi. Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, ni riwaya fupi ambazo zimewatoa jasho wanafunzi wengi. Katika Nagona msimulizi anatafuta kitu asichokijua vizuri, anapita mahali pasipo kwenye ramani, anakutana na wanafikra waliokwisha kufa zamani. Nani kafanya nini, lini? Usiulize. Nimeisoma, na sitawadanganya kwamba nimeielewa yote. Lakini niliona safari inazunguka, picha ya duara inarudi na kurudi, na kila ikirudi haiko kabisa pale ilipokuwa. Mtu aliyechora ule mstari wa Lorenz angetabasamu.

Hata hivyo, si kila kisichoeleweka ni fujo ya heshima. Katika maabara tuna kitu kingine tunachokiita kelele: namba zinazokuja bila kanuni yoyote, ule mchakacho wa redio ukiwa katikati ya stesheni mbili. Ukizitazama kwenye karatasi, kelele na fujo vinafanana kabisa. Tofauti inaonekana ukikaa nazo. Fujo ukiichimba utakuta kanuni fupi chini yake. Kelele ukiichimba unakuta kelele. Na mashairi mengi ninayoyaona siku hizi, mistari iliyokatwakatwa ili ionekane ya kisasa, ni kelele. Mwandishi hakuivunja sheria, hakuwahi kuijua. Kezilahabi aliijua, na ndiyo maana alijua aivunjie wapi. Najua kuna rafiki zangu washairi wananisikiliza. Tutaonana kantini.

Kabla hawajanipigia simu, nikiri mpaka wa mazungumzo haya. Mawingu hayana nia. Hayapangi kumshangaza mtu. Mshairi ana nia, na msomaji ana haki ya kumuuliza: ulitaka nini? Hakuna anayeliuliza wingu. Kwa hiyo ninaposema riwaya na hali ya hewa vinafanana, nasema vinafanana kwa namna vinavyokwenda, si kwa namna vilivyoumbwa. Anayetaka kutafuta milinganyo ndani ya Nagona atazeeka bure.

Wasimulizi wetu wa ngano waliijua hoja hii ya kanuni na fujo bila kompyuta. Bibi akisema paukwa, tunaitikia pakawa. Tunajua sungura atamzidi fisi maarifa. Kanuni inajulikana kwa kila mtoto aliyekaa pale. Mbona basi tunaomba hadithi ile ile usiku wa pili, na mbona bibi haisimulii sawasawa hata mara mbili?

Mtangazaji ananionyesha saa. Baada yangu ni taarifa ya habari, na mwisho wake, kama kawaida, watasoma utabiri. Ikiwa kuna tahadhari ya mvua kubwa, msikilize msomaji atakapofika pale panaposema kiwango cha uwezekano wa kutokea, wastani. Watu wengi hapo huzima redio, wakidhani mtabiri anakwepa. Nyinyi msizime. Hiyo wastani imepigiwa hesabu usiku kucha.